Karata Uliyodhani Umeichagua Mwenyewe

Katika miaka ya 1950 Waingereza waliokuwa na televisheni walizoea kumwona mwanamume mmoja mtanashati, mwenye lafudhi ya Ulaya Mashariki, akijitokeza mbele ya kamera za BBC na pakiti ya karata. Hakuwa na joho, wala sanduku la kumkatia msichana vipande viwili. Alizaliwa Kraków, Poland, mwaka 1920, akaitwa Chananel Mifelew. Jukwaani alijiita Chan Canasta, na canasta ulikuwa mchezo wa karata uliovuma sana siku zile. Alimwomba mgeni wa kipindi afikirie karata moja, asiitaje wala kuigusa. Akamwomba wa pili, kisha wa tatu. Akazungumza nao kidogo, karata zikachanganywa, halafu akaanza kazi ya kuzitafuta.

Mara nyingi alipatia. Mara nyingine alikosea, tena hadharani, watazamaji wote wakishuhudia. Canasta hakuyaita aliyoyafanya mazingaombwe. Aliyaita majaribio, na jaribio watu wanajua linaweza kushindwa.

Kosa lake lilikuwa na faida ambayo wengi wa rika lake hawakuiona mapema. Mtu anayepatia kila mara huonekana ana hila mfukoni. Anayekosea mara moja moja huonekana anajikakamua kufanya jambo gumu kweli, na mtazamaji huanza kumwombea apatie. Akishafika hapo ameacha kutafuta hila, kwa sababu kwa anavyojua yeye hila haikosei. Canasta alipoacha jukwaa akawa mchoraji na kufanya maonyesho ya picha zake, wenzake waliendelea kujifunza kwake kwamba siri ya karata ni nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ni kumfahamu mtu aliyeketi mbele yako.

Nimeifuatilia sanaa hii ya kusoma mawazo kwa muda mrefu, na kadiri ninavyoisoma ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba kitovu chake ni kitu kimoja: hisia ya mtazamaji kwamba amechagua mwenyewe, bila kushikwa mkono na mtu. Ukiilinda hisia hiyo unaweza kumfanyia mtu karibu lolote. Nchini mwetu wapo wanaoilinda kwa ustadi mkubwa, na hawako jukwaani. Nitawafikia. Lakini kwanza karata.

Aliyesoma shule ya msingi Tanzania anayajua mazingaombwe ya kawaida. Kiingilio kinakusanywa asubuhi, madirisha ya darasa kubwa yanafungwa, na mgeni anageuza karatasi kuwa noti, anameza nyembe na kuzitoa zikiwa zimetungwa kwenye uzi. Watoto wote macho kwenye mikono yake, maana wanajua mambo yako hapo. Usomaji wa mawazo unaiondoa mikono kwenye hesabu. Karata haikupotea, haikugeuka, haikuruka. Ilikuwa kichwani mwako, na sasa mtu mwingine anaitaja. Huna pa kuangalia, na hapo ndipo watu wazima, hata wenye elimu yao, wanapoanza kuhisi ubaridi mgongoni.

Njia iliyo nyepesi kuieleza ni hii. Msoma mawazo anashika pakiti kwa mkono mmoja, nyuso za karata zikimwelekea mtazamaji, kisha anaziachia kona moja baada ya nyingine kwa kasi. “Chukua moja kwa macho tu,” anasema. “Usiitaje.” Kufumba na kufumbua pakiti imekwisha. Mtazamaji ana karata kichwani, na angeapa kwamba angeweza kuchukua nyingine yoyote. Kumbe kati ya zile 52, moja ilikaa mbele ya jicho kwa muda mrefu kidogo kuliko nyingine. Zile nyingine zilikuwa rangi zinazopita tu. Hiyo moja ndiyo iliyoweza kusomeka.

Mwaka 2015 Jay Olson, mwanamazingaombwe na mtafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Canada, pamoja na wenzake, walichapisha matokeo ya kuipima mbinu hiyo. Asilimia 98 ya watu walichukua karata aliyokusudia mwanamazingaombwe. Waliohisi kwamba kuna kitu kimewasukuma walikuwa asilimia 9 tu. Tarakimu hiyo ya pili inanitisha kuliko ya kwanza. Kwamba mtu anaweza kuelekezwa, hilo muuza duka yeyote wa Kariakoo analijua. Jipya hapa ni kwamba aliyeelekezwa hana habari, na ukimuuliza atakupa sababu: niliipenda, ni karata yangu ya bahati, ilinijia tu.

Mafundi wa kazi hii hawakungoja maabara. Mmarekani Theodore Annemann alitoa mwaka 1933 kijitabu chenye njia 202 za kumfanya mtu achague karata unayoitaka wewe huku akijiona huru. Nyingine ni za vidole, nyingine za maneno matupu. Anayekuambia “taja karata yoyote, usifikirie sana” anajua kwamba ukiharakishwa utakimbilia zile zinazokaa juu juu kwenye akili. Kwa Wazungu na Wamarekani wa Kaskazini hizo ni ree ya shupaza na bibi wa kopa, ambazo utafiti mwingine wa Olson na wenzake uliziona zikitia fora. Hapa kwetu nisingeiga hesabu hiyo nikiwa nimefumba macho. Mtu aliyekulia kwenye mchezo wa arubastini, anayejua seti, yaani karata ya saba, ina thamani gani mezani, akili yake imepangwa tofauti na ya mtu aliyezoea poka. Msoma mawazo atakayefanya kazi Tanga au Mombasa inabidi kwanza akae barazani na wachezaji, asikilize karata gani inapigiwa kelele ikitua.

Njia ya pili inahitaji hesabu. Mwishoni mwa karne ya 19 Mmarekani aliyejiita Si Stebbins aliuza kijitabu cha kupanga karata. Mpangilio wenyewe ni wa zamani kuliko yeye, na kwa kuwa umechapishwa mara nyingi sioni ubaya kuueleza. Kila karata inazidi iliyotangulia kwa tatu, na aina zinafuatana kwa zamu: pau, kopa, shupaza, uru. Ukiona nne ya pau, inayofuata ni saba ya kopa, halafu kumi ya shupaza, halafu mfalme wa uru, ambaye anahesabiwa kumi na tatu. Ukimwongezea tatu unavuka mwisho na kuanza upya, kwa hiyo anafuatiwa na tatu ya pau. Kwa jicho la kawaida pakiti inaonekana imevurugika kabisa, nyekundu na nyeusi zikipokezana. Mtazamaji anaruhusiwa kuikata mara tano, mara kumi, atakavyo. Kukata hakuvunji mzunguko, kunabadilisha pa kuanzia tu. Akitoa karata moja, msoma mawazo anakata hapohapo, anachungulia ile iliyokuwa juu yake, anaongeza tatu, anasogeza aina moja mbele, na jibu analo.

Akilitaja papo hapo, ameharibu. Hapa ndipo wengi wanaojifunzia kwenye video za simu wanapokwama: wanajua karata, wanaitaja kwa haraka kama mwanafunzi aliyeulizwa jedwali la kuzidisha, na watu wanasema, “Ah, ana hila.” Fundi anachelewa. Anamwomba mtu aifikirie rangi kwanza. Anakunja uso, anasema inamjia nyekundu, halafu anasita. Anauliza kama ni karata iliyowahi kumletea hasara. Anakosea kidogo kwa makusudi, anasema sita, anajirekebisha, saba. Muda huo wote mtazamaji anafanya kazi yake: anafikiria, anajizuia asionyeshe, anachangia. Mwisho wake si kwamba karata imejulikana. Yeye ndiye amesomwa.

Kisha kuna jambo linalofanyika mwishoni mwa mchezo, ambalo kwangu ndilo la kina zaidi. Kabla ya kufichua karata, msoma mawazo anarudia kwa sauti yaliyotokea: “Umezichanganya karata, umekata mwenyewe, umefikiria moja, hujamwambia mtu.” Hilo la kwanza si kweli. Mtazamaji alizikata tu, hakuzichanganya. Lakini limesemwa pamoja na mambo matatu ya kweli, kwa sauti ya mtu anayekumbusha tu, na hakuna anayelipinga. Kesho yake ofisini mtazamaji atasimulia kwamba alizichanganya mwenyewe barabara na kwamba yule jamaa hakuzigusa kabisa. Wanaomsikiliza wanatafuta maelezo ya tukio ambalo halikutokea hivyo, na bila shaka hawayapati. Muujiza uliokamilika unatengenezwa na aliyeuona, akiusimulia.

Kabla ya redio na televisheni, jina kubwa kwenye fani hii lilikuwa Washington Irving Bishop, Mmarekani aliyezunguka kumbi za Marekani na Uingereza katika miaka ya 1880. Yeye alitafuta vitu vilivyofichwa. Akiwa nje ya ukumbi, watu walificha pini, tuseme kwenye ukosi wa koti la mtu wa safu ya nyuma. Bishop aliletwa amefungwa kitambaa machoni, akamshika kifundo cha mkono mmoja wa waliojua mahali pini ilipo, akamwambia afikirie sehemu hiyo na asifikirie kingine. Kisha akaanza kutembea, tena kwa kasi, akimburuta mwenzake katikati ya viti, akipinda, akirudi, akasimama mbele ya lile koti.

Wasomi wa London walimpima mwaka 1881, wakiwemo wanasayansi George Romanes na Francis Galton. Waliona kwamba mkono wa anayejua unatoa dalili ndogo mno, bila mwenyewe kukusudia: unakaza ukielekezwa pasipo, unalegea ukielekezwa penyewe. Aliyeshikwa mkono ndiye aliyekuwa kiongozi, naye akijiona anaburutwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 Berlin ikapata kisa cha namna hiyo cha farasi Hans, aliyesemekana anajua hesabu kwa sababu alipiga kwato mara zinazotakiwa na kuacha. Mwaka 1907 Oskar Pfungst alionyesha kwamba farasi alikuwa akitazama kichwa cha muulizaji. Hesabu ikifika kwenye jibu, muulizaji aliinua kichwa kidogo bila kujua. Akiulizwa na mtu asiyejua jibu, Hans hakujua pia.

Mwisho wa Bishop ulikuwa wa kusikitisha. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Mei 1889, kwenye klabu ya waigizaji jijini New York, alizimia katikati ya onyesho, akazinduka, akashikilia kurudia jaribio, akaanguka tena. Alikuwa mtu wa kupatwa na hali ya kukakamaa akaonekana hana uhai. Siku hiyohiyo madaktari wakaupasua mwili wake. Mama yake alipoteza miaka yake iliyobaki akidai kwamba mwanawe alikuwa hai walipoanza kumkata.

Kuna tawi jingine ambalo mawazo yanasafiri kati ya watu wawili wa jukwaani. Mwanamazingaombwe Robert-Houdin alilionyesha jijini Paris mwaka 1846 na mwanawe Émile: baba anapita kwa watu akipokea vitu mkononi, mtoto amefungwa macho jukwaani akivitaja. Kwa maelezo yake mwenyewe, baba na mwana walijizoeza kwa kupita mbele ya madirisha ya maduka, wakitupa jicho mara moja na kwenda kuandika kila walichokiona. Kisha kukaja Julius na Agnes Zancig, mke na mume wenye asili ya Denmark, waliolijaza jukwaa la Alhambra jijini London mwaka 1906. Arthur Conan Doyle, mtunzi wa Sherlock Holmes, aliamini kabisa kwamba mawazo yao yanapita hewani. Walikuwa wakitumia maneno ya siri, na Julius mwenyewe alikuja kulikubali hilo.

Ili msomaji aone jinsi maneno yanavyobeba karata, tujitungie ya kwetu. “Haya” iwe moja, “sasa” mbili, “tafadhali” tatu, na kuendelea hadi kumi na tatu. Kwa aina yanatosha maneno matatu na kimya: “mama” ni kopa, “bibie” uru, “mpenzi” shupaza, na kunyamaza ni pau. “Tafadhali, mpenzi, unaona nini?” Tatu ya shupaza. Maneno ya kawaida ambayo mume yeyote angemwambia mkewe. Ugumu uko kwenye wingi wake: wanandoa wa Zancig walikuwa na maneno ya sarafu, tarehe, majina, vito, na namba za saa, na waliyatumia kwa kasi ambayo wasikilizaji hawakuweza kuyashika.

Lakini wanaonigusa zaidi ni Sydney na Lesley Piddington. Sydney alikuwa askari wa Australia aliyetekwa Singapore ilipoangukia mikononi mwa Wajapani Februari 1942. Katika kambi ya mateka ya Changi, watu wakifa kwa njaa na kuhara damu, yeye na mwenzake Russell Braddon walitunga onyesho la kusoma mawazo ili kuwaburudisha wafungwa. Nimejaribu kuwazia ukumbi ule: watazamaji mifupa mitupu, wengi wao wasomi na mafundi wenye muda wote duniani wa kufikiria hila iko wapi. Hakuna shule kali kuliko hiyo. Baada ya vita Sydney alimwoa Lesley Pope, mwigizaji wa redio, na mwaka 1949 wakaingia BBC jijini London.

Redioni! Hakuna cha kuona hata kidogo, na bado mamilioni walisogeza viti karibu na spika. Wakati mmoja Lesley alikaa ndani ya Mnara wa London huku Sydney akiwa studio. Kitabu kikachaguliwa, mstari mmoja ukachaguliwa ndani yake, sentensi isiyo na kichwa wala miguu kuhusu mafundi wa umeme, na Lesley akaanza kuivuta neno kwa neno kutoka upande wa pili wa jiji, polepole, akisitasita. Kila kipindi waliwaambia wasikilizaji kwamba waamuzi ni wao. Hawakudai kuwa na nguvu, wala hawakukana. Magazeti ya Uingereza yalibishana, familia zikabishana, na Sydney akafariki mwaka 1991 bila kufafanua. Wapo wanaoona kimya hicho ni udanganyifu. Mimi naona walikuwa ndani ya haki yao, kwa sababu aliyewasikiliza hakuombwa kitu baada ya kipindi kwisha. Alizima redio akalala.

Huo ndio mpaka ninaoujali. Msoma mawazo Mmarekani Kreskin, aliyefariki Desemba 2024, alikuwa akiwaomba watazamaji waifiche hundi ya malipo yake popote ukumbini, na asipoipata halipwi. Aliyekuwa hatarini ni yeye. Sasa mgeukie yule wa karata tatu pembeni ya stendi, ambaye Wakenya mchezo wake wanauita pata potea. Ufundi ni uleule, uhuru wa kuchagua ni uleule wa kuonekana tu, na hata wale wawili watatu “wanaoshinda” mbele yako ni watu wake. Lakini anayepoteza nauli ya kurudi nyumbani ni wewe.

Mwaka 1986 James Randi, mwanamazingaombwe aliyezaliwa Canada, alimfuatilia mhubiri wa Marekani Peter Popoff, ambaye kwenye mikutano yake aliwaita watu kwa majina, akawatajia mitaa wanayoishi na maradhi yanayowasumbua, akasema anafunuliwa. Watu wa Randi walileta kipokezi cha redio na kukuta sauti kwenye megahezi 39.17. Ilikuwa ya mke wa Popoff, akimsomea sikioni maelezo ambayo waumini wenyewe walikuwa wameyatoa kabla ya ibada. Kanda waliyoirekodi ilichezwa kwenye kipindi cha televisheni cha Johnny Carson mbele ya Marekani nzima. Mwaka uliofuata huduma ya Popoff ilitangaza kufilisika. Miaka iliyofuata alirudi hewani.

Kifaa cha sikioni hata si lazima. Mwaka 1949 mwanasaikolojia Bertram Forer alichapisha jaribio alilowafanyia wanafunzi wake 39. Aliwapa mtihani wa tabia, kisha akamrudishia kila mmoja maelezo “yake” binafsi, akaomba wayape alama kuanzia sifuri hadi tano. Wastani ulikuwa 4.26. Wote walikuwa wamepewa maelezo yaleyale, mengi akiwa ameyaokota kwenye kitabu cha nyota kilichouzwa mitaani. Unahitaji kupendwa na watu. Una uwezo ambao hujautumia. Nje unaonekana imara, ndani una wasiwasi. Nani si huyo?

Tazama sasa mabango kwenye nguzo za umeme za Dar es Salaam na Nairobi: mtabiri, mrudisha mpenzi, mtaja adui. Mteja anapoingia kwenye chumba cha mpiga ramli, ana jina tayari. Mwanawe amekufa ghafla, biashara imeporomoka, na usiku amekuwa akimfikiria jirani au shangazi waliyegombania naye shamba. Mpiga ramli anasema adui yuko karibu. Anatazama uso. Anasema ni mwanamke, na akiona uso umeganda anaongeza: au mwanamume anayetumwa na mwanamke. Ni mtu mzima. Mnakula naye. Kila neno linapotua, mteja anapumua, anainamisha kichwa, anashika goti. Mwisho anatamka jina mwenyewe, na akifika nyumbani atasimulia kwamba mganga ndiye aliyelitaja. Ni yale niliyoyaeleza juu ya karata, hatua kwa hatua, isipokuwa karata hapa ni bibi kizee.

Tanzania tunaijua gharama yake. Polisi wanaiita ramli chonganishi. Kanda ya Ziwa, Shinyanga na Mwanza zikitajwa sana, wanawake wazee wamekatwa mapanga kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao yamekuwa mekundu kwa moshi wa miaka mingi jikoni. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli baada ya mauaji ya watu wenye ualbino. Na wale wanaoitwa lambalamba au kamchape bado huingia vijijini, wakienda nyumba kwa nyumba “kufukua uchawi”, kundi la wanakijiji likiwafuata kwa nyuma. Nisomapo habari zao namkumbuka Bishop na pini yake. Umati unaojua tayari ni nyumba gani inashukiwa hauhitaji kusema neno. Unapunguza mwendo wenyewe, unanyamaza wenyewe, na mtafutaji mwenye uzoefu anasimama palepale. Pembe inayotoka ardhini mbele ya watu hao ni kazi ya vidole, ileile ya kugeuza karatasi kuwa noti darasani.

Mwingereza Reginald Scot, mtu wa Kent, aliliona hilo mwaka 1584. Wakati wanawake wa nchi yake wakinyongwa kwa uchawi, aliandika kitabu kikubwa kupinga mateso hayo, na ndani yake akaweka sura za kueleza michezo ya mikono ya wakati wake: sarafu, mipira midogo, kamba, na karata, pamoja na namna ya kujua karata aliyoifikiria mtu. Ni miongoni mwa maelezo ya mwanzo kabisa ya mazingaombwe kwa Kiingereza, na yaliandikwa ili kuokoa shingo za watu.

Ndiyo maana ningependa kuona wasoma mawazo wetu, vijana wanaojifunza kwa bidii Dar es Salaam, Nairobi na kwingineko, wakiyapeleka maonyesho yao Kahama na Magu, hukohuko Kanda ya Ziwa, si kwenye kumbi za harusi na hafla za kampuni peke yake. Wafanye karata zao vizuri, wawaache watu wabishane. Siri ya karata waibakishe, wana haki nayo. Ila hii ya pini waifundishe mbele ya kila mtu, kwa sababu yeyote anaiweza. Mtu mmoja anaficha pini, wewe uko nje. Ukiingia, mshike kifundo cha mkono, si kwa nguvu, na umwambie awaze tu mahali ilipo: mbele, nyuma, kulia, kushoto. Anza kutembea haraka kabla hajapata muda wa kujizuia. Ukielekea pasipo utausikia mkono unachelewa nyuma yako. Badili upande. Ukifika karibu mkono wake utakuwa mwepesi ghafla, na hapo punguza hatua, peleka mkono juu na chini taratibu hadi ugande. Atakayeficha lazima awe anataka kwa dhati uipate. Mwenye mashaka na anayecheka ovyo hawafai kuanzia. Kisha mbadilishane nafasi, ili na yeye aushike mkono wako na kusikia jinsi unavyomwambia mahali pini ilipo huku umefunga mdomo.